Jumamosi ya Mikono

Kanisani kwetu, hapa Kindu, upande wa Mikelenge, Jumamosi inayotangulia Meza ya Bwana inaitwa Jumamosi ya mikono. Waliokosana huitwa mbele wawili wawili. Mzee wa kanisa hawaulizi wamekosana nini. Anasema tu, "Mushikane," nao wanashikana mikono, korali inaimba ubeti mmoja, na mambo yamekwisha. Kesho yake wanakula mkate pamoja na wengine. Asiyetaka kutoa mkono hali mkate. Anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa na wanaume walioongeza mke wa pili.

Mimi nimekaa benchi lile tangu wakati wa vita hadi juzijuzi. Wale wasichana walizaa, wakatubu, wakarudishwa mbele; watoto wao wakakua, wakaja nao kukaa nyuma kwa makosa yao wenyewe, mimi bado nipo. Wageni walinitazama wakajiuliza mama huyu mwenye mvi alifanya uzinzi gani usiokwisha. Niliwaacha wajiulize. Sikuwa na kosa hata moja katika jambo lile, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Sharti la pili la Jumamosi ile ndilo lililoniweka nyuma: hakuna kusimulia. Ukianza tu kusema huyu alinifanyia hivi, kiongozi wa korali anaanzisha wimbo papo hapo, nao wanaimba mpaka unyamaze. Nimeona watu wazima wakizimwa hivyo, midomo yao ikicheza na hakuna kinachosikika. Halafu watu wanapiga vigelegele, wanasema Roho ameshuka.

Niseme haki, ingawa sipendi kuisema: desturi hiyo haikuanzishwa na wajinga. Wakati wa vita mji wetu ulizingirwa. Askari walikaa mjini, vijana wenye silaha walikaa porini, na kanisa letu lilikuwa na watu wa kila upande. Sisi tulikuwa watoto wa reli. Baba yangu alitoka Kasai kuja kutengeneza injini za treni, na majirani zetu wengi walitoka Katanga kwa kazi hiyohiyo au kwa kazi ya serikali. Wengine walikuwa wenyeji, wenye kaka na wajomba huko porini. Kama mtu angesimama kanisani akasema, "Mdogo wako alikuja akanichukulia mbuzi," kabla ya jioni askari wangekuwa wamesikia, na yule mdogo angekufa, pengine na aliyesema naye. Wazee wakaona afadhali watu wapatane bila kutaja. Funika kombe mwanaharamu apite. Iliokoa watu, sikatai. Lakini mwanaharamu alikwisha kupita, treni ikaanza tena kupiga honi stesheni, na wao bado wanafunika kombe.

Jambo langu ni hili. Njaa ilikuwa kali. Mashamba yalikuwa nje ya mji, na nje ya mji kulikuwa na vizuizi. Mwanamke wa mjini akikutwa njiani na watu wa porini aliitwa mpelelezi, na hakuna aliyesubiri ushahidi. Basi wamama wa kanisa wakatafuta njia. Walikwenda kuchimba mihogo kwa makundi, na kila kundi lilitanguliwa na mwenyeji mmoja, anayejua lugha ya pale na anayejulikana na wale vijana. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wao. Kizuizini walisimama mstari, kijana akinyoosha kidole kwa kila mmoja na kuuliza huyu ni nani, na yule mwenyeji akijibu, "Ndugu yangu." Hiyo ndiyo ilikuwa pasi yao. Mkasai alikuwa ndugu, Mkatanga alikuwa ndugu, mke wa karani alikuwa ndugu. Kama kanisa letu liliwahi kuwa kitu kimoja, lilikuwa pale kizuizini, wala si katika mahubiri ya mtu yeyote.

Mdomo wa kundi la mama yangu alikuwa mwanamke wa rika langu. Aliimba na mama katika korali, bega kwa bega. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama yake mzazi akiwa mbali, yeye alikuja kukaa kwetu mwezi mzima, na mama yangu ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akampikia uji, akamfundisha kumfunga mtoto kitovu. Alimwita mama yangu mama, kama mimi nilivyomwita. Nilikuwa na wivu kidogo, nakumbuka, kwa jinsi walivyochekeana jikoni.

Siku moja, wakirudi na mihogo kichwani, wakasimamishwa. Kijana akanyoosha kidole, na yule mwanamke akajibu ndugu yangu, ndugu yangu, ndugu yangu. Kidole kilipofika kwa mama yangu, alisema, "Ule simujui."

Wamama wengine walikuwapo kwenye mstari. Hakuna aliyefungua mdomo. Mama alitolewa kando, wao wakaambiwa wapite, wakapita. Hatukumwona tena.

Haya sikuambiwa na yeye. Waliporudi mjini walisema kwa sauti moja kwamba mama alipotea njiani. Mmoja wao, aliyezidiwa na dhamiri, alinieleza tukifua nguo mtoni, akaniapisha nisimtaje. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, ni yeye peke yake aliyenitendea kama Mkristo. Neno lile "alipotea" lilitunyima hata kilio, kwa maana aliyepotea haliliwi. Kutandika mikeka uani kungekuwa kusema ameuawa, na kusema ameuawa kungekuwa kuuliza kauawa wapi, na nani alikuwa naye. Baba alikufa baadaye, naye alikufa akiwa mume wa mtu aliyepotea. Nilimlilia yeye tu, ilhali moyoni nilikuwa na wawili.

Nikaacha kumsalimu yule mwanamke. Kila mtu aliona, kwa hiyo Jumamosi ya mikono iliyofuata tukaitwa mbele. Alinyoosha mkono wake haraka, akitazama chini. Mimi nikauficha wangu ndani ya kitenge. Mzee akasema mara ya pili, "Mushikane, mama." Nikageuka, nikatembea mpaka benchi la nyuma, nikakaa. Nilidhani nitakaa pale juma moja au mawili, mpaka haya imshike.

Haya haikumshika. Vita vikaisha, na wamama wakamchagua kuwa mwenyekiti wao. Kila Meza ya Bwana alikaa benchi la kwanza, kilemba cheupe kichwani, na nimezeeka nikimwangalia mgongo akitafuna mkate. Aliyemtoa mama yangu alikula, aliyetolewa mama yake alikaa na njaa. Watu wakaniletea methali nyumbani kwangu. Yaliyopita si ndwele, mama, tugange yajayo. Niliwajibu kwamba yaliyopita ni ndwele kabisa kwa mtu aliye nayo, na kwamba wao hawakuwa wameganga kitu. Wengine walisema nina roho ya Kikasai, ya kiburi. Hao niliwaonyesha mlango.

Na nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka asimame pale mbele, alipozoea kunyoosha mkono, aseme kwamba alimjua mama yangu. Sikutaka machozi, sikutaka mbuzi. Angesema hivyo, mkono ningempa, na mama yangu angekuwa amekufa kama watu wengine wanavyokufa, akijulikana.

Mwaka huu tuliletewa mchungaji mpya kutoka Punia, kijana mwenye viatu visafi kuliko njia zetu. Alipoonyeshwa kanisa aliuliza habari za benchi la nyuma, akaambiwa habari zangu. Akaja kwangu. Nilimpa kiti kizuri na chai, maana mchungaji ni mchungaji.

Alizungumza sana kuhusu mwili mmoja wenye viungo vingi. Akasema kidole kikioza, mwili mzima unaumwa. Nikamuuliza ni mimi kidole? Akasema hakumaanisha hivyo, lakini alimaanisha hivyo hivyo.

"Mama," akasema, "Bwana amesema tusamehe saba mara sabini. Na weye mara moja tu inakushinda?"

"Pasta, nisamehe nini?"

"Lile kosa."

"Kosa gani?"

Desturi haikumruhusu kuuliza, na nadhani hata angeruhusiwa asingependa. Akasema hajui, na kwamba si vizuri ajue.

"Basi weye njo umusamehe," nikamwambia. "Kusamehe kitu usichokijua ni kazi nyepesi, hata mutoto anaiweza."

Alimaliza chai yake. Mlangoni akaniambia kwa upole kwamba kanisa haliwezi kuwa moja kwa sababu ya mtu mmoja, na kwamba Jumamosi ijayo angetuita yeye mwenyewe. Upole ule ulinichoma kuliko matusi. Niliamua kwenda. Sikwenda kwa ajili ya umoja. Nilikwenda kwa ubishi.

Jumamosi ilipofika kanisa lilijaa, kwa maana habari zilikuwa zimetembea. Tukaitwa. Yeye alikuja akitegemea fimbo, miguu imevimba kwa ugonjwa wa sukari, na korali yote ikamtazama kwa huruma. Mimi nilikuja na miguu yangu mizima, na hakuna aliyenihurumia. Mchungaji akasema, "Mushikane." Yule mwanamke akanyoosha mkono, akainua uso kwa watu, akasema neno ambalo hakuna aliyemwomba:

"Miye nilisha kumusamehe zamani."

Kanisa likaitikia, "Amina."

Nimekasirika mara nyingi maishani, hata wanangu watakwambia, lakini sijawahi kukasirika kama siku ile. Alinisamehe! Nikaukamata ule mkono, si kiganja, niliukamata kwenye kifundo, nikaubana. Watu wakadhani ndiyo tumepatana, vigelegele vikaanza. Nikasogeza uso wangu karibu na wake.

"Mama yangu," nikasema, "ulimujua ao hukumujua?"

Kiongozi wa korali si kiziwi. Wimbo ukapanda palepale, kwa nguvu, na ngoma juu yake. Niliona midomo ya yule mwanamke ikitikisika, nikajua amejibu kitu, lakini jibu lilizama. Nikabaki nimeushika mkono. Wakamaliza ubeti wa kwanza, wakamtazama mchungaji, wakaona sijaachia, wakaingia wa pili. Wakamaliza wimbo mzima, wakarudia kutoka mwanzo. Mimi nilikuwa nimengoja muda mrefu kuliko wimbo wowote ulioandikwa kitabuni, na wale wanaume wa sauti ya chini wana pumu. Mara ya tatu sauti zikaanza kukatika. Mpiga ngoma akapumzika afute jasho, na katika upenyo ule nikasema, "Sema tena."

Angeweza kungoja waanze upya. Alikuwa anayumba, fimbo yake imeanguka, na nadhani ni mkono wangu uliokuwa umemsimamisha. Alisema kwa sauti, mpaka mlangoni walisikia:

"Nilimujua. Alinikanda maji ya moto. Niliogopa, nikasema simujui, wakamubeba."

Benchi la wamama wazee, wale waliokuwa kwenye mstari na bado wako hai, waliangalia sakafu wote pamoja. Mchungaji alikuwa amefungua mdomo kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Baadaye kidogo alikumbuka kazi yake, akanigeukia, akauliza, "Na weye, mama, unasema nini?" Nilijua anachotaka. Kila mtu alijua.

"Nimesikia," nikasema. Nikauachia mkono, nikamwokotea fimbo yake kwa kuwa ilikuwa njiani mwangu, nikarudi kukaa.

Sasa sikiliza waumini wenzangu walivyofanya. Wazee wa kanisa walifanya kikao mchana uleule, wakakata shauri kwamba sisi sote wawili tumevunja sharti. Tumesimulia. Tukafungiwa Meza ya Bwana kwa miezi mitatu. Kwangu adhabu ile ilikuwa sawa na kumnyang'anya kipofu kioo. Lakini yeye, mwenyekiti wa wamama, Jumapili ile alitembea na fimbo yake akipita benchi la kwanza, la pili, la tatu, mpaka nyuma kwetu. Nilisogea kumpa nafasi. Usinielewe vibaya, ni miguu yake iliyohitaji nafasi. Tulikaa tukiwatazama wengine wakila, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya nyuma sikuwa na mgongo wake wa kuangalia. Sikujua niangalie wapi.

Juma lile nikatandika mikeka uani. Nilituma habari kwamba kilio cha mama yangu ni kwangu, na atakayeuliza kwa nini sasa akawaulize wazee wa kanisa. Wanangu walikuja, mmoja kutoka Kalima, wengine wa hapahapa. Majirani wa zamani wa reli walikuja, wale waliobaki. Nilinyoa nywele. Kulia hakukuja, hilo niliseme. Nilikaa pale kavu kama kuni, watu wakinipa pole, nami nikiona aibu kwamba nimedai kilio miaka yote hiyo na sasa sina chozi.

Siku ya pili, asubuhi, alikuja. Wanangu walisimama, maana walikuwa wamekwisha kusikia, na mkubwa wao akanitazama nimpe ishara tu. Sikumpa. Yule mwanamke alijishusha kwenye mkeka kwa taabu, mkono mmoja ukutani. Sikumsalimu. Wamama waliokuwa karibu wakakumbuka kwamba maji yamekwisha jikoni, wakaondoka mmojammoja.

Tulikaa hivyo mpaka jua likafika kwenye mkeka. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Iko kitu moja, wale wengine hawakuiona. Walisha kupita mbele."

Nikamgeukia.

"Walipomuita kando, alitua kitunga chake ya mihogo. Akakisukuma kwangu. Akasema, 'Pelekea watoto.' Alisema watoto wako. Nikakibeba. Nilipofika mujini nikawaza, nikikuleteya, utaniuliza iko wapi mwenyewe. Nikaenda nacho kwangu. Mihogo ile tuliikula miye na watoto wangu."

Siku ile, nakumbuka vizuri, nilikuwa nimechemsha papai bichi kwa chumvi. Wanangu walilia kwa njaa, nikawaambia bibi yenu anakuja na mihogo, nyamazeni. Huyu mkubwa aliyekuwa amesimama pale mlangoni ndiye aliyelia zaidi siku ile. Nilitaka kumpiga yule mwanamke, na mkono wangu ulijua hilo kabla yangu, ulikwisha kuinuka kutoka kwenye goti.

Aliuona. Hakusogea.

Nikamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza bila kilemba, mzee mwenye uso uliovimba. Hakuna mtu aliyejua habari za kitunga kile. Mimi sikujua, yule aliyenieleza mtoni hakujua, hata mchungaji na viungo vyake vya mwili hakujua. Angeweza kufa nayo, na kwa miguu ile isingechukua muda mrefu. Hakuna aliyemlazimisha. Na katika maneno yake yote lilikuwamo neno moja la mama yangu, la mwisho, nami sikuwa na mahali pengine duniani pa kulipata. Pelekea watoto. Hiyo ndiyo sauti yake kabisa, ya mtu anayeondoka sokoni na kukuachia shughuli.

Ndipo nikalia. Nililia vibaya, kwa kelele, mpaka wamama wakarudi mbio kutoka jikoni. Naye alilia. Nilitamani anyamaze, kwa kuwa mama alikuwa wangu. Kisha nikakumbuka ule mwezi wa maji ya moto, nikamwacha alie.

Tulipochoka niliinuka, nikaenda jikoni. Nikapakua bukari, ule ugali wetu wa mihogo, na sombe ya majani yake kwenye sahani moja, nikairudisha na kuiweka mkekani mbele yake.

"Kula," nikamwambia.

Hakugusa. Aliitazama ile bukari, mikono mapajani. Mwanangu mkubwa akasema taratibu, "Mama, muache." Nikakaa chini mkabala na yule mwanamke, nikanawa, nikamega mimi kwanza, nikala. Nikaisukuma sahani upande wake. Naye akamega. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, na tulikula nayo mpaka sahani ikaisha.